Pazia Katikati ya Kayaki

Jumanne, 1 Agosti 1995

Likizo! Shule imefungwa, mwalimu mkuu amesafiri, na mimi nilikuwa nimepanga kulala tu mpaka Septemba. Badala yake, habari kubwa.

Baba mkwe wangu, Mzee Angwenyi wa Manga, amenunua kombi. Si kombi ya abiria. Ni ile ya Mholanzi wa mambo ya chai aliyerudi kwao. Ndani ina kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja na mapazia madogo madirishani. Mtu anasafiri na nyumba yake kama konokono!

Mzee amestaafu. Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, na kila jioni akitoka kazini alisimama ukingoni mwa kilima pale Manga akalitazama Ziwa Viktoria likimetameta huko chini, mbali. Kulitazama tu. Hajawahi kutia hata kidole. Sasa anataka azunguke maziwa ya Kenya kwa kombi hiyo, na kila ziwa aliingie kwa chombo chake mwenyewe. Chombo cha kukunjwa kiingie chini ya kitanda. Kayaki ya kujaza upepo.

Gari hajui kuendesha. Wanawe wa kiume wako Mombasa na hawaandiki. Kwa hiyo leo alituita wakwe zake wawili: mimi, Nyasani, niliyemwoa Persis, na mwanyumba wangu Ongeri, afisa wa kilimo huko Nyamache, aliyemwoa mdogo wake Persis. Akauliza nani kati yetu anajua mambo ya majini. Anayejua ndiye atakayechagua kayaki na kuwa nahodha. Ndiye pia atakayeendesha kombi, na baina ya safari kombi italala kwake.

Ongeri akasema aliogelea kidogo chuoni. Kidogo! Unyenyekevu ni ugonjwa wa watu wasio na mipango. Mimi nikasema naogelea tangu utotoni, Mto Gucha unanijua kwa jina.

Sijui kuogelea. Mto Gucha nimeuvuka mara nyingi, darajani.

Alhamisi, 3 Agosti 1995

Persis hanisemeshi. Aliuliza nilijifunza kuogelea lini, maana tangu anioe, asema, hajaona nikioga kwa maji yanayozidi beseni. (Amesema vizuri kweli: "tangu anioe". Nyumba hii kuna siku sijui nani alimwoa nani.)

Lakini fikiria! Kombi hiyo imeegeshwa mlangoni kwangu hapa Nyanchwa. Kombi hiyo inapanda kilima polepole kwenda kanisani siku ya Sabato, waumini wote wakitembea kwa miguu kandoni. Kombi hiyo, Persis akikasirika, ina kitanda. Nitajifungia humo na chai yangu. Kwa miaka mingi nimetafuta amani ya ndoa, kumbe ilikuwa na magurudumu.

Nimeshuka mjini kwa Haresh, duka la vifaa vya ujenzi. Ndugu yake huko Uingereza alifunga duka la vitu vya michezo na akamtumia mabaki. Mzee amekwisha kupatana naye, kazi yangu ni kuchagua tu. Haresh akatandaza kayaki tatu sakafuni, kati ya mabati na misumari, na mkewe Leela akazijaza upepo kwa pampu ya mguu huku akihudumia wateja wa rangi.

Ya buluu ni nyembamba, ya mtu mmoja. Ziko mbili za namna hiyo, sawasawa. Ya kijivu ni ya watu wawili, nzito, ngozi nene. Ya manjano ni pana, ya watu watatu, na ngozi yake haizidi ya puto.

Haresh akanieleza vya kutazama. Kayaki iwe na vyumba kadhaa vya upepo, kimoja kikitoboka vingine vishike. Tumbo lake liwe gumu ili mawe yasilichane. Ikunjwe iingie chini ya kitanda cha kombi. Na isikunjwe kamwe ikiwa na unyevu. Alilirudia hilo la unyevu. Ushauri wake mwenyewe: chukua mbili za buluu. Haresh amezaliwa Kisii, Ekegusii chake kinawashinda watoto wangu, na mila zetu anazijua. Akasema, "Mwalimu, mkwe na mkwe, kila mtu na chombo chake. Heshima inabaki."

Mawazo mazuri, kwa mtu asiyeona mbali. Mzee akiwa na kayaki yake, nahodha wa nini? Na nahodha asipohitajika, kombi inalala kwa nani?

Nimechagua ya kijivu.

Ijumaa, 4 Agosti 1995

Ongeri alifika kwa Haresh asubuhi na futi ya fundi! Akapima kila kayaki ikiwa imekunjwa. Kabla ya hapo alikuwa amepima chini ya kitanda cha kombi. Akamwambia Mzee kwamba zile mbili za buluu zinaingia na nafasi inabaki ya masufuria. Mtu wa ajabu. Anashindana kwa kutumia ukweli.

Nikamwahi Mzee nyumbani kwake. Nikasema chombo cha mtu mmoja ni cha kijana, kikipinduka hakuna wa kukusaidia. Ya kijivu ina nahodha nyuma na mheshimiwa mbele. Mzee akafikiri, akasema mimi ndiye ninayejua maji. Ya kijivu!

Nilirudi Nyanchwa nikiimba. Persis akauliza swali moja tu: mtakaaje humo ndani?

Nikachora kwenye karatasi. Wa mbele anakaa hivi. Wa nyuma anakaa hivi, miguu yake inanyooka mbele, inapita... Nikaacha kuchora.

Miguu yangu ingepita huku na huku kwenye kiuno cha baba mkwe wangu.

Mimi! Ambaye sijawahi kukaa naye kochi moja. Mimi ambaye akiwa anavua koti natoka nje nitazame migomba. Hii ndiyo chinsoni, heshima ya ukwe, na Mkisii anayeivunja husemwa mpaka na wajukuu zake. Macho yangu hayafai kukaa mgongoni kwake, sembuse miguu yangu kiunoni.

Persis akasema nirudi kwa Haresh nichukue za buluu. Nikamwambia anipe usiku mmoja.

Sikuuhitaji wote. Pazia! Kombi ina mapazia, nyumba ina mapazia, kwa nini kayaki isiwe nalo? Pazia katikati, mkwe mbele, mkwe nyuma, na miguu yangu nitaikunja. Hata wazee wa zamani, wangekuwa na kayaki, wangefanya hivyo.

Jumapili, 6 Agosti 1995

Naandika nikiwa nimevaa shuka. Nguo ziko nje, hata mbwa amezihama.

Nahodha lazima ajaribu chombo. Lakini wapi? Mto una kasi, na kasi na mimi hatupatani. Nikakumbuka josho la ng'ombe kule chini ya Nyakoe. Maji mengi, yametulia, na Jumapili hakuna mtu. Kweli ni maji yenye dawa ya kupe, lakini mimi sikuwa naenda kunywa.

Nilifika alfajiri. Nikaijaza upepo, nikaiteremsha kwenye ule mteremko wa ng'ombe, nikapanda. Ikaelea! Nilielea! Nilikaa humo kama chifu. Josho limejengwa kwa kipimo cha ng'ombe, kwa hiyo kafi haikupata nafasi, lakini nilijisukuma kwa viganja, na nakiri moyo wangu ulijaa. Nikasema kwa sauti, Baba, kushoto kwako ni Kisumu.

Ndipo nikasikia kengele.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Mwangalizi wa josho ni Msabato kama mimi. Jumamosi anafunga, na ng'ombe wote wa eneo hilo huoshwa Jumapili asubuhi. Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshaswagwa mlangoni. Akanitazama, nami nikamtazama. Nyuma yake kulikuwa na wenzake, na nyuma ya wenzake watu na fimbo.

Akaruka.

Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba mwangalizi ana ufito wenye panda wa kuzamisha vichwa vya ng'ombe, maana sheria inataka kila kinachoingia kizame chote, na ni mtu anayefuata sheria. Baadaye aliomba radhi. Alisema kwenye povu lile hakuona tofauti.

Kayaki nimeiosha kwa Omo mara mbili. Inaonekana nzima. Ila upande wa kushoto gundi ya mshono imelainika, ukigusa inavuta kidole kama ugali mbichi. Nimeikunja hivyo hivyo na unyevu wake nikaifunga kamba. Itakaukia kwenye kombi.

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Kwa Nereah, fundi wa nguo sokoni, mtu wa Kendu Bay. Nimempelekea pazia la sebuleni, lile jekundu la maua, ambalo Persis bado hajui kwamba limesafiri. Nikataka alishone mifereji miwili ya kupitisha fito, lisimame wima.

Akauliza ni la dirisha gani. Nikamweleza. Akacheka hadi akashikilia cherehani. Akasema, "Mwalimu, huko kwetu nguo ikisimamishwa juu ya maji hatuiiti pazia. Tunaiita tanga. Hilo litakupeleka usikotaka."

Nikamwambia ashone. Mimi nafundisha jiografia darasa la sita, pepo za nchi kavu na pepo za ziwani ninazichora ubaoni kila mwaka kwa mishale. Fundi wa nguo hawezi kuniambia habari za upepo.

Jumatano, 9 Agosti 1995

Persis amegundua kwamba dirisha la sebule liko wazi. Majirani ndio waliomwambia, maana jana walituona tukila. Mama wa nyumba ya pili alisema hata aliona nani alichukua minofu. Ni mimi.

Lakini Mzee amelipenda pazia! Alilishika, akalipeleka huku na huku. Akasema vijana wa leo wameacha chinsoni, hata wakwe wanapigana mabega kama wauza mitumba, lakini mimi, hata majini, nimekumbuka. Akaniita mtu wa heshima mbele ya Ongeri.

Ongeri akainamia mshono wa kayaki, akaugusa, akanusa kidole. Akauliza kama imekauka. Nikamwambia asishike chombo cha watu.

Sikujisikia vizuri kusema hivyo. Lakini nilisema.

Jumamosi, 12 Agosti 1995

Sabato. Nimepumzika. Mahubiri yalihusu shahidi mwongo. Nimebadilisha kiti nikakaa nyuma ya nguzo.

Jumapili, 13 Agosti 1995

Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu. Niliendesha kombi mpaka Kendu Bay. Mzee na Mama mkwe walikaa nyuma na Persis, Ongeri kando yangu akiniambia lini nibadilishe gia. Tulifika mchana. Mzee alishuka, akasimama mbele ya ziwa, akavua kofia. Alikuwa kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya rafiki aliyemwandikia barua miaka mingi, na sasa anaogopa kubisha hodi.

Kwa ajili ya heshima nilivaa suruali ya suti, shati na tai. Kaptura mbele ya wakwe haiwezekani. Mzee alivaa koti na gambuti. Haresh alikuwa ametupa jaketi mbili za kuelea. Mzee akavaa yake. Mimi yangu nikaiweka garini. Nilisema samaki havai jaketi.

Tukaingia. Mzee mbele, pazia, mimi nyuma nimekunja miguu kama panzi. Nilikuwa sioni mbele! Hilo sikulifikiria. Mzee ndiye aliyeniongoza, kushoto Mwalimu, kulia Mwalimu, na mimi nikapiga kafi nikitazama maua mekundu. Wavuvi walisimama kutuangalia. Mmoja akauliza kama tunahamisha nyumba.

Tulipopita gugumaji kukawa kimya. Nikasikia Mzee ametia mkono majini. Anachezesha vidole, basi. Muda mrefu. Kisha akaanza kusema, na ni pazia lililomwezesha, nina hakika, kwa sababu uso kwa uso hajawahi kunisemesha zaidi ya mvua na mahindi.

Akasema, "Mwalimu. Najua hujui kuogelea."

Kafi ilinitoka mkononi, nikaidaka.

Akasema Persis alimwambia tangu siku ya kwanza. Akasema alinichagua hata hivyo. Ongeri ni mtu mzuri, lakini Ongeri anapima, na mtu anayepima ana anachokitaka, huenda ni kombi. "Lakini wewe, mtu asiyejua maji akubali kuingia majini kwa ajili ya mzee? Huyo hataki kitu. Huyo amenipenda. Watoto wangu wa kiume hawajanifanyia hivyo."

Nilitazama maua ya pazia. Sijawahi kuona haya namna ile. Haya yalinishika masikioni, tumboni, mpaka kwenye nyayo. Yale mawazo yangu yote, kombi mlangoni, kombi kanisani, chai yangu na kitanda, yakapanga foleni mbele yangu. Na lile josho! Nilikuwa nimemkalisha mtu huyu, na koti lake, juu ya mshono ninaoujua.

Nikaamua kusema. Naapa. Nilifungua mdomo, nikasema, Baba, kuna jambo.

Ndipo upepo wa ziwani ukaja. Alasiri, kutoka majini kwenda nchi kavu, kama ninavyochora kila mwaka. Kwa mishale!

Pazia likavimba. Kayaki ikaruka mbele. Mzee akashangilia, alidhani ni mimi! Akasema pole pole Mwalimu, lakini alikuwa akicheka. Tulipita mitumbwi. Tulipita bata. Mimi nilikuwa nimeshika fito kwa mikono miwili na kuomba. Ndipo upande wa kushoto ukahema, kama mtu anayekaa chini amechoka. Mshono. Kayaki ikajikunja katikati, mbele ikaja nyuma, fito zikavunjika, na pazia likatuzungushia sisi wote wawili, mkwe na mkwe, katika nguo moja.

Nikamkumbatia.

Nimeandika. Nilimkumbatia baba mkwe wangu. Shingoni, kwa mikono yote, na miguu. Nilipiga kelele kwamba nakufa, nikamwambia Mungu kwamba nitatoa fungu la kumi la kila kitu mpaka la kuku. Nikasikia sauti ya Mzee sikioni ikisema kwa upole, "Mwalimu, simama."

Nikasimama. Maji yalikuwa chini ya magoti.

Ufukweni wavuvi walitazama. Mama mkwe alikuwa ametugeuzia mgongo, na Persis, na wanawake wote waliokuwa wakifua hata wasiotujua, wametugeuzia migongo, mstari mzima. Ongeri peke yake alikuja akamshika Mzee mkono. Hakucheka. Angecheka ningepata la kumchukia.

Jumatatu, 14 Agosti 1995

Sikutoka kitandani.

Ongeri ndiye aliyeendesha kombi kurudi. Mimi nilisema napenda hewa, nikapanda lori la omena. Persis hajaniambia neno. Ameweka uji mlangoni, kama kwa mgonjwa wa ukambi. Sebule haina pazia, kwa hiyo kila anayepita ananiona nikiuchukua.

Si kelele zinazoniuma, wala tai iliyolowa. Ni yale maneno. Huyo hataki kitu. Nayasikia nikifumba macho.

Nitamwambia ukweli. Kesho.

Jumatano, 16 Agosti 1995

Jana mvua ilinyesha.

Leo wazee wa ukoo wamekaa Manga kwa ajili yangu. Mkwe kumkumbatia mkwe! Mzee Okemwa, mkubwa wao, alisema tangu azaliwe hajasikia, na waliomzaa hawakusikia. Hakuna aliyejua adhabu yake. Mmoja alitaja mbuzi. Mwingine akasema mbuzi ni wa makosa yanayojulikana.

Nilikaa chini nikatazama vidole vya miguu. Walimwuliza Mzee Angwenyi. Akasema ni kweli alikumbatiwa, tena sana. Lakini akasema kulikuwa na pazia. Kitambaa kilikuwa katikati wakati wote.

Wakanong'onezana. Mzee Okemwa akataka pazia liletwe. Likaletwa, lina tope na gugumaji. Akalinyoosha, akatafuta tundu. Hakuna. Akatangaza kwamba ngozi haikugusa ngozi, kwa hiyo chinsoni haikuvunjwa, ila ilitikiswa.

Pazia langu lilifanya kazi!

Nilitoka pale nimenyooka. Ilinibidi nijikumbushe kwamba nina haya.

Ijumaa, 18 Agosti 1995

Hii sipendi kuiandika.

Mzee anaamini kayaki ilikuwa mbovu tangu dukani. Leo tuliirudisha kwa Haresh, mimi, Mzee na Ongeri. Mzee aliongea kwa heshima, lakini aliongea mbele ya wateja. Haresh alipiga magoti, akaufungua ule mshono, akanusa. Akamwita Leela. Naye akanusa, akarudi nyuma.

Haresh akauliza kama huko ziwani kuna ng'ombe.

Nikasema kuna viboko.

Akanitazama. Anauza dawa ya kupe, yuko na madebe yake kwenye rafu nyuma ya kichwa chake, na harufu hiyo anaijua kama mimi ninavyojua chaki. Nilitazama mabati. Niliyasoma maandishi yote ya mabati, hata nchi yalikotengenezwa. Ilikuwa nafasi yangu. Sentensi moja tu, Haresh hana kosa, ni mimi. Sentensi ambayo mtoto wa darasa la pili angeitunga.

Ongeri alikohoa. Alinipa nafasi ya pili, nadhani.

Haresh akasimama, akapangusa magoti. Akamwambia Mzee kwamba jina la duka ni jina la baba yake, hivyo achague nyingine, ile ya kijivu aiache tu. Mzee akamshukuru. Mlangoni Haresh akaniambia kwa Ekegusii, polepole, nisikie mimi tu, niende salama, na nisiwe nakunja vitu vikiwa na unyevu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mtu kama mimi hafai kupewa hata baiskeli.

Kesho Sabato. Jumapili nitakwenda Manga na nitasema yote. Gucha, josho, kombi, Haresh. Nimeyapanga kwa mpangilio huo.

Jumapili, 20 Agosti 1995

Nilikwenda. Mzee alikuwa amesimama ukingoni pale Manga, analitazama ziwa. Kombi iko nyuma yake, imeoshwa. Nikasimama mbali kidogo, kwa heshima, nikasafisha koo.

Akaanza yeye. Akasema sasa akilitazama kutoka huku juu halioni tena kama zamani. Anajua ni la vuguvugu. Anajua linanuka majani. Akasema jana usiku alimweleza Mama, na Mama, ambaye tangu waoane hajawahi kuomba kitu, amesema naye anataka kutia mkono. Kwa hiyo tutachukua ile ya manjano, ya watu watatu. Safari ni Naivasha.

Kisha akanyoosha mkono na ndani yake kulikuwa na funguo za kombi. Akasema Ongeri mwenyewe ndiye aliyesema nipewe, kwamba mtu aliyeaibika kiasi kile lazima atakuwa amejifunza.

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Ya Gucha yalikuwa ya kwanza. Lakini funguo zilikuwa zimeshafika kiganjani, nzito, na kijikamba chekundu.

Akauliza kama nimeijaribu ile ya manjano. Nikasema naijaribu kesho, mahali patulivu. (Nimeulizia. Josho hilo Jumatatu halina mtu kabisa.)

Akauliza, akitazama pembeni ili asiniaibishe, kama basi sasa nimeanza kujifunza kuogelea kidogo. Nikasema Baba, kidogo kitu gani. Naogelea hata kwa mgongo.

Akafurahi sana.

Sasa hivi niko ndani ya kombi, imeegeshwa mlangoni, naandika kitandani na chai yangu. Nina haya, sikatai. Nitamwambia Naivasha, tukiwa majini, ambako anasikiliza vizuri. Ila Mama mkwe ni jambo zito kuliko Mzee, na pazia moja halitatosha. Itabidi yawe mawili.

Persis anagonga dirisha. Anauliza mapazia ya chumba cha kulala yako wapi. Nimemwambia yako kwa dobi.